Kujenga Msamiati wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Sekondari

Katika mtihani wa historia mwanafunzi huulizwa: "Account for the outbreak of the Maji Maji War." Aliyejifunza vema habari za vita hivyo vya 1905 hadi 1907 husimulia mambo yote tangu mwanzo hadi mwisho, naye hupata alama chache, kwani alitakiwa aeleze sababu za kuzuka kwake. Historia aliijua, alilokosa ni maana ya maneno mawili, "account for".

Tatizo hili lina asili yake. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, na Kiingereza hushika nafasi hiyo katika sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukihitaji katika karibu kila somo. Kwa hiyo sisi walimu wa Kiingereza hatuna budi kuchagua kwa uangalifu maneno tunayoyafundisha.

Orodha za kutusaidia zipo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, na mwaka 2000 Averil Coxhead alitoa orodha ya jamii 570 za maneno ya kitaaluma. Walakini tusisahau madaftari ya wanafunzi wetu. Kila juma tuwaombe walimu wenzetu wa jiografia, biolojia na historia watutajie maneno machache yatakayohitajiwa katika vipindi vijavyo.

Maneno hayo tuyafundishe kwa jamii zake. Mwanafunzi anajua tayari kwamba katika Kiswahili "lima" huzaa "mkulima" na "kilimo". Tuanzie hapo. Tuandike ubaoni "produce", kisha "producer", "product" na "production", tumwulize ni lipi linataja mtendaji, lipi kitu na lipi kazi yenyewe. Ataona kwamba Kiswahili hubadili neno mwanzoni na mwishoni, na Kiingereza hapa hubadili mwishoni. Hivyo mzizi mmoja humpa maneno manne.

Hata hivyo tumwonye kwamba kanuni hii ina mipaka. Wanafunzi wengi husema "cooker" wakikusudia mpishi, kwa kufuata mfano wa "teacher" na "farmer". Mpishi ni "cook". "Cooker" ni jiko. Kosa hilo tusilicheke, maana linaonyesha kwamba mwanafunzi ameanza kufikiri juu ya muundo wa lugha.

Mwisho, neno lililofundishwa mara moja husahaulika. Katika kipindi kimoja yatosha maneno sita hadi manane. Kesho yake tuyaulize kwa dakika tano, tuyarudie baada ya juma moja, na tena baada ya mwezi. Katika majaribio, tusiridhike na mwanafunzi anayetaja tafsiri ya neno. Tumtake atunge sentensi kuhusu jambo alilojifunza katika somo jingine, kwa mfano mmomonyoko wa udongo au usagaji wa chakula tumboni.

Tukifanya hivyo kwa bidii, mwanafunzi atapimwa kwa yale anayoyajua, wala hataanguka kwa sababu ya neno moja katika swali.