Kitabu Chini ya Godoro

SOMO LA WIKI
Maandiko: Matendo 19:18–20, Danieli 1:17, Kutoka 1:15–17



Juzi mama mmoja wa kanisa alinijia na riwaya aliyoitoa chini ya godoro la binti yake wa kidato cha tatu. “Pasta, hii kitabu ni ya uchawi. Iombee, halafu tuichome.”

Nilikuwa karibu kukubali. Lakini nilisomea biashara, na kitu cha kwanza tulichofunzwa ni kutotia sahihi karatasi ambayo hujasoma. Nikamwomba siku nne, nikaisoma yote.

Ni *Children of Blood and Bone*, ya Tomi Adeyemi, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Ilitoka mwaka wa 2018. Mfalme Saran aliwaua watu waliokuwa na nguvu za uchawi, akiwemo mama ya msichana Zélie. Watoto waliobaki wanadharauliwa kwa sababu ya uzao wao. Zélie anaamka kuupinga ufalme na kuurudisha uchawi.

Nilijifunza mambo matatu.

1. Tusidanganyane kuhusu uchawi. Miungu iliyotajwa humo, kama Oya na Yemoja, si majina ya kubuni. Wayoruba waliiabudu, na wako wanaoiabudu hadi leo. Kumbukumbu la Torati 18:10–12 bado linasimama. Lakini kusoma si kusujudu. Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo akawashinda wote, na bado hakuacha kumwomba Mungu wake.

2. Uasi tuupime vizuri. Tunapenda kuwapiga vijana na 1 Samweli 15:23, pale uasi unapowekwa mizani moja na uchawi. Mbona hatusemi Samweli alikuwa anaongea na nani? Alikuwa anamwambia mfalme! Sauli ndiye aliyemwasi Mungu. Wakunga wa Kutoka 1 walikataa amri ya Farao ya kuua watoto, na Mungu akawatendea mema. Swali ni hili: unamwasi nani, na kwa ajili ya nani?

3. Hadithi hii si ya mbali. Koitalel arap Samoei, aliyeongoza Wanandi kuwapinga Waingereza, aliuawa 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwa mazungumzo ya amani. Alikuwa wa ukoo wa Talai. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai wa huku kwetu Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Waliogopwa kwa nguvu zao na kwa uasi. Hawakuchukuliwa wazee pekee. Wanawake na watoto pia walibebwa. Mtoto mchanga alikuwa amemroga nani?

Hapa nitubu mbele yenu. Nikiwa kijana nilionywa nisioe kwa ukoo huo. Sikuuliza kwa nini. Niliitikia tu, na baadaye nikamwonya mwenzangu vivyo hivyo, nikiwa tayari nimeokoka. Tunahubiri kwamba aliye ndani ya Kristo ni kiumbe kipya, kisha mahari ikitajwa tunauliza ni wa nyumba gani. Huo uoga wetu nao ni imani ya uchawi, ila umevaa suti ya Jumapili.

Sasa, kuchoma. Waefeso walichoma vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Soma tena: walikuwa wachawi wenyewe, na walileta vitabu vyao. Hakuna aliyepekua godoro la mtoto. Moyo uliguswa kwanza, ndipo moto ukawashwa.

Nilimrudishia binti kitabu mbele ya mama yake. Tuliongea karibu saa mbili, tukimaliza chai birika nzima. Nilimwambia wazi nisichokubali humo. Yeye akaniuliza, “Pasta, kanisa lilisema nini watu wakipelekwa Gwassi?” Sikuwa na jibu. Nimeanza kuwauliza wazee.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
- Mtoto wako anasoma nini, na umesoma naye?
- Ni ukoo gani unaouogopa, na ni nani alikufunza?
- Una “kitabu” gani chako mwenyewe cha kuleta motoni?

Tuombe: Baba, tutoe kwenye uchawi, na pia kwenye uoga wake. Tupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu kabla ya kuwasha kiberiti. Kwa jina la Yesu, Amina.