Hapa ni Wapi? Viambishi vya Mahali na Vitenzi katika Video za Kufundishia Programu ya Kupanga Miradi mjini Uvira

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na daraja likachukuliwa na maji. Tangu hapo, katika mitaa iliyo kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, vyama vidogo vya majirani vimekuwa vikichimba mitaro na kujenga kuta za mawe kwa fedha za kuchangishana na misaada midogo. Makala haya yanahusu chama kimoja kati ya hivyo, ambacho sitakitaja jina, na video fupi nilizokitengenezea wakati wa likizo ili wanachama wajifunze kutumia programu ya kompyuta ya kupanga miradi. Nilidhani ninakwenda kutafuta istilahi. Kumbe shida kubwa ilikuwa kwenye viambishi ambavyo sote tulivisoma mwaka wa kwanza na kuvisahau baada ya mtihani.

Saruji iliyoganda

Kwanza nieleze kwa nini programu ilihitajika. Chama kilinunua saruji mapema, bei ilipokuwa nzuri, ili kujenga ukuta kabla mvua hazijarudi mwezi wa Septemba. Mawe ya kujengea hayakuwa yamefika. Aliyepaswa kuyateremsha kutoka mlimani alikuwa anangoja malipo ya kwanza, na malipo yalikuwa yanangoja sahihi ya mtu aliyesafiri. Mvua ikaanza, paa la ghala likavuja, saruji ikaganda kwenye mifuko. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekuwa mvivu. Kila mmoja alijua kazi yake, ila hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kuona kwa jicho moja kwamba kazi hii inaingojea ile.

Mchoro wa namna hiyo upo tangu zamani. Mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alichora wa kwake mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Henry Gantt (1861–1919) ndiye aliyeupa umaarufu na jina. Kila kazi ni mstari mnene unaolala juu ya kalenda, na mshale unaunganisha kazi inayotangulia na ile inayofuata. Sisi tulitumia GanttProject kwa sababu ni programu huria, haidai malipo, na haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa. Kompyuta ilikuwa moja tu, tena ya kuazima. Kwa hiyo ilibidi mafunzo yaende kwenye simu: mtu anatazama video nyumbani, kisha anakuja kwenye kompyuta zamu yake ikifika.

Kuhusu utengenezaji sina mengi ya kusema. Picha ya kioo cha kompyuta niliirekodi kwa OBS Studio, sauti nikairekodi kwa simu usiku, nikiwa nimejifunika godoro ili pikipiki na jenereta za majirani zisisikike. Kila video niliibana isizidi megabaiti 16 ili ipite kwenye WhatsApp, na wasio na fedha ya intaneti wakapewa kwa kadi ya simu. Jambo moja tu lina uzito kwa hoja yangu: kwenye simu, kioo kizima cha kompyuta kinakuwa na ukubwa wa kiganja, na mshale wa kipanya unakuwa kama punje ya ulezi.

Nomino zilinichukulia muda mwingi mno

Kompyuta yetu ilikuwa katika Kifaransa. Niliandaa orodha ya istilahi za Kiswahili kabla ya kurekodi neno lolote, kama tulivyofundishwa. Nilijua mfano wa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na niliona kwamba kazi yangu ni ndogo kuliko ile: maneno thelathini hivi.

Baadhi yalipita bila tatizo. "Mradi" linaeleweka Uvira, ingawa wengi husema "projé". "Tarehe ya mwisho" ilikubalika kuliko "makataa", ambalo hakuna aliyelijua. Lakini "rasilimali", nililoliweka kwa ajili ya watu na vifaa vya kazi, lilileta kicheko. Kwetu neno hilo husikika redioni likiambatana na dhahabu na koltani, na baba mmoja akauliza kama programu inaonyesha madini yalipo. Tukaandika "watu na vyombo", basi.

Neno la Kifaransa "jalon", yaani alama ya kuonyesha kwamba sehemu fulani ya mradi imekamilika, nilikuwa nimelitafsiri "hatua muhimu". Fundi mwashi akasema yeye "jalon" analijua tangu utoto: ni ule mti wa rangi mbili ambao mpimaji anausimika ardhini ili aone mstari wa barabara. Alikuwa sahihi, ndiyo maana ya asili ya neno lenyewe. Hivyo tukasema "mti wa mpimaji", na hakuna aliyeuliza tena. Hata hivyo, ninakiri kwamba siku nne za kubishana juu ya nomino zilinifanya nisione kilichokuwa kinawashinda watu kweli.

Hapa, huku, humu

Video ya kwanza ilikuwa ya dakika 6. Mweka hazina wa chama, mama wa makamo ambaye hesabu zake hazijawahi kukosea, aliitazama kwa makini hadi mwisho, akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Kisha akasema: "Mutoto yangu, hapa ni wapi?"

Nilirudi nyumbani nikahesabu. Nilikuwa nimesema "hapa" mara 34. Kila "hapa" ilikuwa na maana kwangu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya. Kwa mtazamaji mwenye simu, ilikuwa ni mtu anayenyoosha kidole gizani.

Sarufi inatuambia kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali. PA ni mahali mahususi, KU ni upande au mahali pasipo mipaka, MU ni ndani. Tunakariri "mezani pana", "mezani kuna", "mezani mna", na baada ya hapo wengi wetu tunasema "kuna" kwa kila kitu. Kwetu Uvira hali ni tofauti kidogo. Viambishi vya mahali havijamezwa na -ni ya mwisho wa nomino. Vinasimama mbele, kama katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka: "niko ku soko", "ingia mu nyumba". Kwa hiyo tofauti ya KU na MU ipo hai mdomoni mwa kila mtu, hata yule ambaye mwalimu angemkosoa kwa kusema "ku mukono ya kuume". PA ndiyo iliyofifia, na "fasi" imechukua sehemu kubwa ya kazi yake.

Nikagawa kioo cha kompyuta kwa ngeli hizo. Programu hii ina orodha ya kazi kushoto na kalenda kulia: huko ni KU. Nikasema "huku kushoto, kwenye orodha" na "kule kulia, kwenye kalenda", na sikuzichanganya hata mara moja. Ukibonyeza kazi mara mbili, dirisha linafunguka juu ya vyote na kufunika vilivyo nyuma: hapo ni MU. "Tumeingia humu ndani. Humu mna jina la kazi, mna tarehe." Na tunapolifunga: "Tumetoka." Kitenzi "kutoka" kilifanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mtazamaji aliyepotea alijua angalau kama yuko ndani au nje. Mama yule yule aliniambia kwamba mara ya kwanza hakuwa ametambua kuwa dirisha ni dirisha. Alidhani orodha yake imefutika.

PA nikaibakiza kwa jambo moja tu, yaani kitufe au neno lenye jina, na sikuisema peke yake. Badala ya "bonyeza hapa" nikasema "bonyeza palipoandikwa Nouveau". Kirejeshi hiki kinampa msikilizaji njia ya kutafuta kwa macho yake mwenyewe, bila kuutegemea mshale asiouona. Wenzetu wengi wangesema "fasi baliandika Nouveau", na katika video ya tatu nilisema hivyo hivyo, kwa sababu "palipoandikwa" lilimfanya kijana mmoja asimamishe video ili alifikirie neno lenyewe. Wahadhiri watanisamehe. Somo lilikuwa la programu, si la urejeshi.

Nani anaambiwa afanye?

Tatizo la pili lilikuwa la heshima. Video nyingi za mafunzo nilizotazama hutumia hali ya kuamuru: fungua, andika, hifadhi. Mbele ya kioo mimi ni mwalimu, lakini mtaani mimi ni kijana wa miaka 24, na waliokuwa wanatazama ni wazazi wangu. Mzee mmoja alisikiliza "fungua, andika, funga" akatabasamu: "Unanituma kama mtoto wa dukani." Alisema kwa utani, lakini video hakuimaliza.

Nafsi ya pili wingi ingeweza kuokoa jahazi, maana kwetu mzee huambiwa "mufungue", "muandike". Ila video inatazamwa na mzee na kijana kwa pamoja, na kijana akisikia "mufungue" anadhani anaambiwa mwingine. Nikajaribu masimulizi kwa -ka-, nikidhani ndiyo njia ya mpangilio: "tukafungua programu, tukaandika jina". Hilo lilikuwa kosa. -Ka- haina nguvu katika usemi wetu wa kila siku, na wanaoijua wanaijua kwenye hadithi. Dada mmoja aliuliza, kwa haki kabisa: "Ninyi mulishafanya. Sisi tufanye nini?"

Kilichokubalika ni nafsi ya kwanza wingi katika wakati uliopo: "tunafungua", "tunaandika", "tunangoja kidogo". Hamna anayeamriwa, wote wako kazini pamoja, na kitenzi kinakwenda sambamba na picha. Faida nyingine sikuipangia: nilipokosea mbele ya kioo niliweza kusema "tumekosea, tunarudi" bila kumlaumu mtu. Nikaliacha kosa hilo ndani ya video, na ndiyo sehemu iliyorudiwa kutazamwa zaidi.

Mshale ni -ki- na ndipo

Sasa nije kwenye mshale, ambao kwa ajili yake saruji iliganda. Istilahi yake niliitafsiri "utegemezi". Neno si baya, lakini kwetu tegemezi ni mtu anayelishwa na wengine. Niliposema "ukuta unategemea mawe" walinikubalia kama wanavyokubali mahubiri: bila shaka, ukuta ni wa mawe. Hawakusikia suala la wakati.

Siku moja fundi mwashi alikuwa akimweleza mwanafunzi wake kazi ya kesho, nami nikiwa karibu: "Mawe yakisha fika, ndipo tunaita maji. Maji yakisha fika, ndipo tunafungua saruji." Nikaomba arudie. Mshale mzima ulikuwa mle. -Ki- pamoja na "kisha" inaonyesha kwamba tukio la kwanza limekamilika, na "ndipo" inakataza la pili lisitangulie. Tazama pia kwamba "ndipo" ni PA ile ile, sasa ikiwa mahali katika wakati.

Video ya mishale nikairekodi upya bila nomino yoyote ya kitaalamu. Kila nilipovuta mstari kwa kipanya kutoka kazi moja hadi nyingine, nilisema sentensi moja ya namna hiyo, nikiivuta polepole ili "ndipo" iangukie pale mshale unapogota. Baadaye nilisogeza "mawe" mbele kwa siku 5, na kazi zote zilizofungwa nayo zikasogea zenyewe kwenye kalenda. Mama mweka hazina alinyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema: "Basi saruji ilinunuliwa siku 19 mbele ya fasi yake." Hakuwa ameambiwa ahesabu.

Ningependa wenzangu wanaoandika tasnifu za istilahi walipime jambo hili kwa data pana kuliko yangu. Wanachama wa chama kimoja hawatoshi kusemea Kiswahili cha Congo ya mashariki, na usemi wa Uvira, unaopakana na Burundi, si ule wa Bukavu wala wa Lubumbashi. Ninachoweza kudai ni kidogo: katika video zangu, nomino tulizitatua kwa kuuliza mara moja, lakini viashiria na vitenzi vilinilazimisha kurekodi upya kila kitu.

Video ya nne bado sijaimaliza. Ilipaswa kueleza ule mlolongo wa kazi ambao, moja ikichelewa, mradi wote unachelewa. Kifaransa kinauita "chemin critique". Nilipopendekeza "njia hatari" kikao kizima kilicheka. "Hiyo tunaijua," akasema mzee aliyekataa kutumwa, "lakini haina haja ya kompyuta." Fundi amependekeza "kamba ya kati", ile anayoivuta toka pembe hadi pembe kabla ya kupanga jiwe la kwanza, kwa kuwa ikilegea ukuta wote unapinda. Mama mweka hazina haitaki, anasema kamba haina tarehe. Kikao kijacho ni Jumamosi.