MDOMO UNAWAKA MOTO, KWA NINI WANAMPA DAWA YA AKILI?

Tuseme mama yako yuko Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa nne huu ulimi wake unawaka kama aliyeungua na uji wa moto, lakini ukimwangalia mdomoni huoni kidonda. Majirani wanasema karogwa. Anapanda hadi hospitali ya Namanyere, anapewa amitriptilini. Akirudi, anaambiwa: "Hiyo si dawa ya vichaa?" Anaitupa. Wewe kijana, utamwambia nini?

Kwanza vipimo
Mdomo huwaka kwa sababu nyingi: upungufu wa damu au vitamini, kisukari, fangasi (utando mweupe), meno bandia yanayobana, ukavu wa mdomo. Sababu ikionekana, inatibiwa hiyo kwanza.

Na kama vipimo ni safi?
Kama maumivu yapo kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda ni ugonjwa wa mdomo kuwaka. Huwapata zaidi akina mama waliokoma hedhi. Mama hajifanyi, wala hajarogwa. Wataalamu wanaona kuwa mishipa ya fahamu inapeleka habari ya moto kwenye ubongo wakati moto haupo.

Sasa mbona dawa ya akili?
Amitriptilini ilianza kutumika miaka ya 1960 kutibu sonona. Baadaye ikaonekana inatuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu, tena kwa kipimo kidogo. Kwa maumivu, mara nyingi huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku. Kwa sonona huweza kufika 75 na zaidi. Ni kama panga: linafyeka shamba, linapasua kuni. Dawa ni moja, kazi mbili.

Kaa chonjo!
1. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na si wote wanaoipata.
2. Huleta usingizi na choo kigumu. Hukausha mdomo pia. Mdomo ukizidi kuwaka, arudi kwa daktari.
3. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho aseme kabla ya kuanza.
4. Asichanganye na pombe, asiache ghafla, asimgawie jirani.
5. Ifichwe mbali na watoto. Ikizidi kipimo inaua.

Kumbuka: uliza dawa inatibu nini kabla ya kuitupa. Kama mama ana wasiwasi, mrudishe hospitali, ukae naye amuulize daktari mwenyewe.