Zawadi ya Mama Mkwe: Fundisho kutoka Kitabu cha Ruthu

Somo: Ruthu, mlango wa 1 hata wa 4.

Imekuwa desturi katika nyumba nyingi kuikumbuka siku ya kuzaliwa. Watoto hupikiwa chakula, na wazee hupewa zawadi. Ni desturi njema, maana kumshukuru Mungu kwa ajili ya uhai wa mtu si jambo dogo. Lakini ikifika siku ya mama mkwe, wengi huingiwa na mashaka. Mke hujiuliza, "Nimpe nini mamaye mume wangu, asinidharau?" Mume naye hujiuliza, "Nimpelekee nini mamaye mke wangu, heshima isivunjike?" Basi na tujifunze neno hili kwa habari ya Ruthu na Naomi, kisha tuangalie mambo ya nyumbani kwetu.

1. Siku isiyojulikana

Mama wazee wengi hawaijui tarehe yao. Waliambiwa tu ya kuwa walizaliwa mwaka wa njaa, au mwaka wa nzige, au wakati wa mvua kubwa. Mtu asione haya kwa jambo hili. Melanchthon, rafiki yake Martin Luther, aliandika ya kuwa alimwuliza mama yake Luther habari za kuzaliwa kwa mwanawe. Mama yule aliikumbuka siku na saa, bali mwaka hakuwa na hakika nao. Twajua kwamba siku ile ilikuwa tarehe 10 Novemba, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1483. Kesho yake mtoto alibatizwa, nayo ilikuwa siku ya Martin Mtakatifu. Ndiyo sababu akaitwa Martin.

Basi, ikiwa mkweo haijui siku yake, huenda siku ya ubatizo wake imeandikwa katika kitabu cha usharika. Au kaa naye umwulize: Ulizaliwa wapi? Nani alikuwa mkunga? Jina lako ulipewa kwa sababu gani? Mama mzee akiulizwa mambo haya kwa upole hufurahi, kwa kuwa ameona ya kuwa yuko mtu atakaye kumjua. Hiyo ni zawadi ya kwanza, wala hainunuliwi dukani.

2. Bisi za adhuhuri

Naomi alitoka Bethlehemu wakati wa njaa pamoja na mumewe na wana wawili, wakaenda kukaa Moabu. Huko mume akafa, na baada ya miaka kama kumi wana wote wawili walikuwa wamekufa. Akarudi kwao mwanzo wa mavuno ya shayiri, naye Ruthu, mjane wa mwanawe, akafuatana naye. Ruthu alikuwa mgeni, hana mali. Akaenda kuokota masazo ya mavuno nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi.

Siku ya kwanza aliokota hata jioni, akapura, akapata kadiri ya efa moja ya shayiri. Wengi hukadiria efa kuwa lita 22 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Akaichukua mpaka mjini kwa mkwewe. Lakini lipo jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Adhuhuri Boazi alimpa Ruthu bisi za nafaka; akala akashiba, akasaza. Yale aliyosaza hakuyatupa. Aliyaweka, na jioni akayatoa akampa Naomi.

Fikirini jambo hili. Debe la shayiri ni akiba ya nyumba. Kila mtu mwenye bidii angelileta. Bali zile bisi chache zaonyesha ya kuwa Ruthu, hapo alipoketi kula kati ya wavunaji, alimkumbuka mama aliyebaki nyumbani peke yake. Zawadi njema huanza hivyo: huanza saa ile ambayo mwenye kupewa hayupo, nawe wamkumbuka. Anayeanza kufikiri asubuhi ya sikukuu, akakimbilia dukani na kutwaa kilicho karibu, amechelewa, hata akilipa fedha nyingi.

3. Kujibu neno alilolisema

Naomi alipofika Bethlehemu, wanawake walimshangaa. Naye akasema mbele yao kwamba aliondoka hali amejaa, na sasa Bwana amemrudisha mtupu. Neno hilo lilikuwa jeraha la moyo wake. Baadaye, katika mlango wa tatu, Boazi alimpimia Ruthu vipimo sita vya shayiri, maana hakutaka arudi kwa mkwewe mtupu. Katika Kiebrania neno ni lilelile mahali pote pawili. Mama alisema, "Mimi ni mtupu," na zawadi ikaja kulijibu neno lake.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la somo hili. Usiulize kwanza, "Ni kitu gani kizuri?" Uliza, "Mama amesema nini?" Maana wazee hawaombi waziwazi; hulitaja jambo mara moja, wakanyamaza. Mmoja husema usiku baridi yamwingia mifupani: huyo mpe blanketi zito. Mwingine husema herufi za Biblia zimekuwa ndogo: huyo mpeleke akapimwe macho apate miwani, au mtafutie Biblia ya maandishi makubwa. Wa tatu husema kisima kimekuwa mbali: huyo mchotee maji, au mtume mtoto amchotee kila siku. Wa nne husema tu, "Jioni ni ndefu siku hizi." Huyo hahitaji kitu cha dukani. Ana upweke, mpelekee wajukuu, ukae naye.

4. Kanga husema

Watu wengi huchagua kanga, nayo ni zawadi ya heshima. Lakini kanga ina maneno, na maneno hayo humsemea aliyeitoa. Tuchukue mfano. Mke kijana aliona doti ya kanga yenye rangi nzuri, akainunua kwa haraka, akampelekea mkwewe siku ya kuzaliwa. Mama akamwita mjukuu amsomee. Kumbe yalikuwa maneno ya kumsuta mwenye wivu! Mama hakusema neno. Akaikunja kanga, akaitia chini ya sanduku. Na tangu siku ile salamu zikawa fupi. Yule kijana hakujua sababu, mpaka mumewe alipomwambia. Ndipo akaenda, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, mama. Nilitazama rangi, sikusoma. Nimekosa, unisamehe." Mama akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nilidhani ndivyo unionavyo." Wakalia wote wawili, kisha wakacheka.

Basi, soma maneno ya kanga kabla ya kulipa. Yakiwa ya fumbo, muulize mtu mzima maana yake. Chagua maneno ya baraka, au ya shukrani, au ya kumsifu mama.

5. Heshima na kiasi

Katika makabila mengi, mume hamkaribii mama wa mkewe kwa mazoea: hamtaji jina, wala hali mbele yake. Desturi hiyo haizuii upendo. Mume na ampe mkewe zawadi aipeleke, pamoja na salamu zake. Na mume ampaye mamaye mwenyewe asimsahau mama wa mkewe, maana kupendelea upande mmoja huleta manung'uniko ndani ya nyumba.

Tena, usikope ili uonekane mkarimu. Wahenga husema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Wala usitoe zawadi kubwa mbele ya watu ili kuwaaibisha wake wa ndugu wa mumeo, walio maskini kuliko wewe. Afadhali mshauriane, mkatoe kwa pamoja.

6. Kupatana kwanza

Labda mtu atasema, "Mimi na mkwe wangu hatusemezani, nitampelekea zawadi, yatakwisha." Bwana Yesu alifundisha ya kuwa mtu aletaye sadaka madhabahuni, akikumbuka ya kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza wapatane. Ikiwa sadaka ya Mungu yangoja mapatano, je, si zaidi kanga na blanketi? Zawadi haiwezi kuomba msamaha badala ya kinywa. Nenda kwanza mikono mitupu, ukaseme, "Mama, nimekosa." Baada ya hapo zawadi ndogo itakuwa kubwa.

Mwisho wa kitabu, wanawake wa Bethlehemu walimwambia Naomi ya kuwa mkwe huyu ampendaye amfaa kuliko wana saba. Hawakuhesabu madebe ya shayiri. Waliona ya kuwa mama aliyerudi mtupu sasa alikuwa na mtu, na mtoto amelala kifuani pake.

Maswali ya kufikiri

1. Mama mkwe wako amesema neno gani mwaka huu ambalo bado hujalijibu?
2. Kwa nini zile bisi chache zatufundisha zaidi kuliko efa ya shayiri?
3. Je, yuko katika usharika wetu mama mzee asiye na mkwe wala mwana wa kumkumbuka? Siku yake ni lini, na nani atakwenda kwake?