SOMO LA WIKI: Mtihani wa CPA na kalenda ya kozi za mwisho

Katika biashara, mzigo mzuri ukifika baada ya msimu ni hasara. Nguo za Idi zikishuka bandarini siku mbili baada ya sikukuu hazina tatizo la ubora. Tatizo lake ni tarehe. Ndivyo ilivyo kwa mtahiniwa wa uhasibu aliyesoma vizuri lakini kozi zake za mwisho akazipanga ovyo. Ama anamaliza mapema mno na kusahau, ama anachelewa na kuingia chumba cha mtihani akiwa na nusu ya somo.

Somo la leo linawahusu wasomaji wetu wa aina tatu. Wa kwanza ni yule anayefanya kazi mchana na kusoma uhasibu jioni. Wa pili ni mzazi anayelipa ada. Wa tatu ni mwenye duka au kampuni ndogo ambaye mtunza vitabu wake anaomba ruhusa kila mtihani unapokaribia. Wote watatu wana fedha zao ndani ya kalenda hii.

Mfano wetu ni mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Kwa miaka mingi mitihani mikuu ya Bodi hiyo imekuwa ikifanyika Mei na Novemba. Anayekosa mtihani mkuu mmoja anasubiri miezi sita hadi mwingine.

GHARAMA YA MIEZI SITA

Tuseme mtunza vitabu analipwa sh. 600,000 kwa mwezi, na akifaulu mwajiri yuko tayari kumpa sh. 900,000. Tofauti ni sh. 300,000. Kukosa mtihani mmoja mkuu ni kupoteza sh. 1,800,000 kabla hujaongeza ada mpya ya mtihani, nauli na madarasa ya marudio. Mfano huu ni wa kukadiria, na kila msomaji aweke takwimu zake mwenyewe. Ila asisahau kuuweka muda kwenye upande wa gharama. Wengi huandika ada tu.

ANZA NA TAREHE YA MTIHANI

Kosa la kawaida ni kupanga kwa kuanzia leo: "Nitaanza kozi hii, nikimaliza nitaanza ile, halafu nitajiandikisha." Njia iliyo salama ni kuanza na siku ya mtihani na kuhesabu kurudi nyuma.

Tuseme mtihani unaanza Jumatatu ya kwanza ya Novemba na wewe unakalia masomo matatu: taarifa za fedha, ukaguzi na kodi. Rudi nyuma wiki 20, utafika katikati ya Juni. Kama unaweza kusoma saa 15 kwa wiki, mtaji wako ni saa 300. Hizo ni saa za kwenye karatasi. Sasa toa matumizi yasiyoepukika.

Kwa mlipa kodi ambaye mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Desemba, ritani ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Awamu za kodi ya makadirio hulipwa ifikapo 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya VAT ni tarehe 20 ya kila mwezi, na kodi ya mishahara ni tarehe 7. Mtunza vitabu hawezi kuzikwepa tarehe hizi kwa sababu ndizo zinazompa mshahara.

Kwa hiyo wiki mbili za mwisho wa Juni na wiki moja ya mwisho wa Septemba mpangie saa 8 tu badala ya 15. Umepoteza saa 21, zimebaki 279. Wiki nne za mwisho kabla ya mtihani, yaani saa 60, zitengwe kwa maswali ya mitihani iliyopita peke yake. Zinabaki saa 219 za kozi, sawa na saa 73 kwa kila somo.

Hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Ukiongeza somo la nne, kila moja linapata kama saa 55. Je, zinatosha kwako? Anayefanya hesabu hii mwezi Juni ana nafasi ya kupunguza somo moja au kuongeza saa. Anayeifanya Oktoba hana la kufanya.

KOZI IPI IWE YA MWISHO?

Si kila somo linaharibika kwa kasi moja. Mfanyabiashara anajua tofauti ya nyanya na maharage. Masomo nayo yako hivyo.

Taarifa za fedha ni somo la kutangulia, kwa kuwa ukaguzi unalitegemea. Huwezi kueleza jinsi ya kukagua thamani ya bidhaa ghalani, mikopo au mali za kudumu kama hujui zinavyotakiwa kuonekana kwenye mizania. Aliyegeuza mpangilio, akasoma ukaguzi kwanza, hujikuta anakariri hatua asizojua zinatafuta nini. Faida nyingine ni kwamba ukisoma taarifa za fedha kwanza, kozi ya ukaguzi inakuwa marudio yake bila gharama ya ziada.

Kodi ni nyanya. Ina viwango, tarehe, misamaha na mipaka ya fedha inayosahaulika haraka. Zaidi ya hapo, sheria yenyewe hubadilika. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, na Sheria ya Fedha kwa kawaida huanza kutumika 1 Julai. Kuanzia Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Kuanzia Julai 2023 kiwango cha mauzo ya mwaka kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kilipanda kutoka sh. milioni 100 hadi sh. milioni 200. Aliyesoma kodi Februari 2023 akaweka daftari kabatini hadi Novemba alikuwa na namba ambayo sokoni haitumiki tena.

Kwa mtahiniwa wa Novemba, basi, kozi ya kodi ianze Agosti, sheria mpya ikiwa imekwisha chapishwa, na imalizike mwanzoni mwa Oktoba. Kwa mtahiniwa wa Mei, kozi ianze Januari na mtihani ufanyike kabla ya Julai. Kanuni ni moja: kozi ya kodi na mtihani wa kodi visitenganishwe na tarehe 1 Julai.

Kuna jambo la kuongeza kwa mtahiniwa wa Mei. Akilazimika kuacha somo moja, asiache kodi. Somo lingine akilirudia Novemba atalikuta karibu kama alivyoliacha. Kodi ataikuta imehama nyumba.

TAREHE YA SHERIA NA TAREHE YA MTIHANI

Watahiniwa wengi huchanganya siku kanuni inapoanza kutumika na siku inapoanza kutahiniwa. Hizo ni tarehe mbili tofauti, na kila bodi ina utaratibu wake.

Chukua ACCA ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanyika pia Afrika Mashariki, mara nne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa utaratibu wake, viwango vilivyotolewa hadi 31 Agosti hutahiniwa katika mwaka wa mitihani unaoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Kiwango cha IFRS 18, kinachohusu uwasilishaji wa taarifa za fedha, kilitolewa Aprili 2024. Makampuni yanatakiwa kukitumia kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Lakini kwa mtahiniwa wa ACCA kilikuwa halali kutahiniwa tangu Septemba 2025, zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Aliyesoma kozi kabla ya Septemba hiyo akasogeza mtihani mbele kwa wiki chache tu alibadilishiwa mtaala bila kujua. Ndiyo sababu kabla ya kulipia kozi yoyote ya mwisho ni lazima upate kwa maandishi kutoka kwa bodi yako: sheria ya mwaka gani na viwango vya hadi tarehe gani vitatumika katika mtihani wako. Maneno ya mwenzako wa darasani hayatoshi. Kitabu cha mwaka juzi hakitoshi.

MEI AU NOVEMBA?

Hakuna jibu moja. Inategemea kazi inakubana lini.

Anayefanya kazi kwenye ofisi ya ukaguzi ana mzigo mkubwa Januari hadi Aprili, wakati wateja wanafunga hesabu za Desemba. Huyu Mei ni mtego. Novemba inamfaa zaidi.

Karani wa hesabu katika duka la jumla ana Desemba yenye wateja wengi, kisha kuhesabu bidhaa mwanzoni mwa Januari, kisha makadirio ya kodi ya Machi. Juu yake kuna Ramadhani na Idi, ambazo husogea nyuma kwa kama siku 11 kila mwaka na kwa miaka hii zimeangukia robo ya kwanza ya mwaka. Wiki 20 kabla ya mtihani wa Mei zinaanzia katikati ya Desemba, palepale penye msongamano. Huyu naye Novemba.

Mhasibu wa Serikali au halmashauri ni kinyume chake. Mwaka wake wa fedha unafungwa 30 Juni na hesabu zinatakiwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifikapo 30 Septemba. Julai hadi Septemba hana pumzi. Kwake Mei ni bora.

Vivyo hivyo kwa anayetunza vitabu vya chama cha ushirika Mtwara au Lindi. Minada ya korosho huanza Oktoba. Mtihani wa Novemba utamkuta katikati ya stakabadhi na malipo ya wakulima.

Mhitimu wa chuo anayemaliza mtihani wa mwisho Julai anayo nafasi nzuri kuliko wote, lakini huipoteza. Wengi husema wapumzike mwaka mmoja kwanza. Hesabu za chuoni bado zi moto kichwani mwezi Agosti. Mwaka ukipita, italazimu kulipia madarasa ya kujifunza upya kile alichokwisha kulipia. Mzazi anayelipa ada aulize swali hili mapema, kabla ya mahafali.

KWA MWENYE DUKA

Mwajiri naye ana hesabu ya kufanya. Mtunza vitabu akiondoka ghafla wiki mbili kabla ya mtihani, na ritani ya VAT ikachelewa, adhabu anayeilipa ni mwenye biashara. Njia rahisi ni kukaa naye mwezi Januari na kuandika tarehe tatu: siku ya mtihani, siku atakayoanza likizo, na siku atakayokabidhi vitabu vikiwa vimefungwa hadi mwezi uliotangulia.

Kama anakalia mtihani wa Mei, mkubaliane hesabu za mwaka ziwe zimekamilika Machi, zisingoje Juni. Hapo nyote mmefaidika: yeye ana Aprili ya kusoma, wewe una ritani iliyo tayari mapema. Kama unachangia ada yake, makubaliano hayo yawe sharti la mchango. Si ukali, ni utaratibu.

KABLA YA KULIPA ADA

Kwa muhtasari, msomaji apitie mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Andika tarehe ya mtihani na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Kuna waliosoma miezi mitano wakapitwa na ya pili.

2. Uliza bodi sheria na viwango vitakavyotahiniwa ni vya hadi lini.

3. Hesabu wiki kurudi nyuma, toa wiki za ritani, za msimu wa biashara na za familia. Zinazobaki ndizo saa zako halisi.

4. Gawa saa hizo kwa idadi ya masomo. Kama hazitoshi, punguza masomo sasa.

5. Tanguliza taarifa za fedha, fuatisha ukaguzi, malizia kodi.

6. Acha wiki nne za mwisho bila kozi mpya. Ratiba ya darasa inayoishia siku mbili kabla ya mtihani ikatae hata kama ada yake ni nafuu.

7. Uliza masomo uliyofaulu yanadumu kwa muda gani. Kwa ACCA, kwa mfano, mtahiniwa ana miaka saba ya kukamilisha ngazi ya mwisho tangu afaulu somo la kwanza la ngazi hiyo. Akivuka muda, masomo ya zamani huanza kufutika moja baada ya jingine.

Mwekezaji mdogo hanunui hisa kwa sababu tu fedha ziko mfukoni siku hiyo. Huangalia mahesabu yanatoka lini na gawio linalipwa lini. Anayewekeza kwenye mtihani afanye vivyo hivyo. Ada ni ileile kwa aliyepanga na asiyepanga. Ila asiyepanga mara nyingi huilipa mara mbili.

Wiki ijayo: Jinsi ya kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha kabla ya kununua hisa.