Dondoo muhimu: Kuhamisha duka la mtandaoni bila kupotea kwenye Google

Duka lako la Garissa linauza madira na nyirinyiri kwa kurasa zilizoandikwa mojamoja, na bei zikipanda unahangaika usiku kucha kuzirekebisha. Hamia hifadhidata, ila anwani usiziguse: kama ukurasa uliitwa nyirinyiri.html, seva iendelee kuutoa kwa jina hilohilo. Ikishindikana, elekeza kila anwani ya zamani kwenye mwenzake mpya kwa msimbo wa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Usizirundike zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Wengi hupotea kwenye Google kwa kosa hilo. Google hushauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka 1. Vichwa vya kurasa vibaki vilivyo, pamoja na tahajia wanayoitumia wateja. Kisha wasilisha ramani mpya ya tovuti kupitia Search Console ya Google. Na usihamie wiki ya kuelekea Idi, jamani.