MTOTO NA ASILI YAKE: SOMO KWA WAZAZI



Mtoto aliyezaliwa Maskati, ambaye bibi yake alilelewa Unguja, huulizwa na wenzake: "Wewe ni nani?" Nyumbani husikia Kiswahili, darasani Kiarabu. Asipopewa jawabu na wazee wake ataliokota njiani, na huenda likawa jawabu la kumtia haya. Suali hili si dogo. Mwaka 1950 mwanasaikolojia Erik Erikson aliandika kwamba kujitambua ndiyo kazi kubwa ya umri wa ujana.

Je, kujitambua huko kwaweza kusaidiwa kwa mafunzo? Katika vitongoji vya Maryland, kando ya Washington, ipo taasisi ya utafiti iitwayo Child Trends, iliyoasisiwa mwaka 1979. Miongoni mwa kazi zake ni kuchunguza programu za vijana zipi zenye manufaa. Kanuni ya uchunguzi huo ni kuwa nia njema si ushahidi. Kwa hivyo vijana hugawanywa kwa kura mafungu mawili, kisha hali zao hulinganishwa.

Jaribio la namna hiyo lilichapishwa mwaka 2018 na Adriana Umaña-Taylor na wenzake. Walishiriki wanafunzi 218 wa skuli moja ya sekondari huko Marekani. Kwa wiki nane baadhi ya madarasa yalijifunza juu ya asili, na wanafunzi wakahoji jamaa zao. Madarasa mengine yalisoma habari za elimu na kazi baada ya skuli. Waliojifunza asili walizidi kuichunguza, uchunguzi ukawapa kujielewa, na baada ya mwaka mmoja na zaidi kujielewa huko kuliambatana na kujithamini, upungufu wa huzuni na alama bora za masomo.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, walimu hawakuwaambia vijana wawe nani, bali waliwafungulia mlango wa kuuliza. Pili, sehemu ya majawabu ilikuwa nyumbani. Skuli moja haitoshi kuwa hukumu ya mwisho, lakini funzo lake halina gharama.

Basi wiki hii mketishe mwanao mbele ya bibi yake. Amuulize alizaliwa wapi, alivuka bahari mwaka gani, na nini aliacha nyuma. Mzee akiondoka kabla ya kuulizwa, huondoka na jawabu la mjukuu wake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.